Themomita tatu, namba tatu, boksi moja: nimwamini nani?

#1 Uyole Kwetu
Wakuu kwema. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nina mashine ya kutotolesha ya mayai 96, boksi la plaiwudi, ndani balbu mbili za wati 60, kafeni ka kompyuta na ile bodi ndogo ya W1209 yenye namba nyekundu, inayowasha na kuzima balbu kufuata joto. Nimeseti 37.7. Awamu ya kwanza niliweka mayai 88 nikapata vifaranga 31. Ya pili 90, nikapata 27. Sasa hivi nina mayai 84 yako siku ya tano na roho iko juu.

Tatizo liko hivi. Mashine inasoma 37.7. Themomita ya kioo ya wino mwekundu, ile ya 0 mpaka 100, nimeilaza juu ya mayai inasoma chini kidogo ya 37. Halafu kuna kisaa cheusi cha kichina kinapima joto na unyevu, hicho kinasema 38.4. Nikaambiwa na jirani nichemshe maji, yakichemka themomita nzima lazima isome 100. Ya kioo ikaishia 94 na nusu, maji yanarukaruka yenyewe haipandi. Kwaiyo hiyo nimeshaitoa, inadanganya digrii tano na ushee. Zimebaki mbili, nimwamini nani?

Dalili: wengi walianza kutoka siku ya 22, wengine 23, wanyonge, matumbo kama wamemeza gololi, vitovu havijafunga. Ila wapo pia watano vidole vimepinda. Yaliyobaki nikayapasua, mengi kifaranga kakamilika kila kitu, kafia ndani ya ganda.

#2 Supu Tu
Mwamini kuku.

#3 Ngosha wa Igoma
Supu Tu kamaliza, uzi ufungwe 😂

Ila kweli, bibi yangu hakuwa na themomita na kuku akiatamia mayai 12 anatoka na 11. Sie tuna bodi, feni, kisaa, tunapata 27 kwenye 90.

#4 Mama Kanga
Uyole Kwetu pole. Kabla hujatupa kitu, hizo themomita zako tatu ziko mahali pamoja? Maana mimi Morogoro niligombana na fundi mwezi mzima kumbe sensa yake kaining'iniza sentimita kumi kutoka kwenye balbu, na themomita yangu iko kona ya mlangoni. Wote tulikua tunasema ukweli, kila mmoja wa mtaa wake.

Sensa ishushe usawa wa migongo ya mayai, isiangalie balbu uso kwa uso. Vinginevyo inapigwa na mwanga inadhani mashine nzima imeiva, inazima, mayai yako chini huko yanatetemeka.

#5 Kijana wa Kitale
Manze ndugu wa Uyole usitupe hiyo ya kioo!! Wewe uko Mbeya, si uko juu mlimani? Maji kuchemka kwa 100 ni ya watu wa pwani. Ukipanda kila mita 300 hivi inapungua digrii moja. Hapa Kitale, Kenya, tuko kama mita 1,900 na maji yanachemka 94 hivi, na chai inaiva tu. Mbeya mko 1,700 na kitu, kwa hivyo 94 na nusu ndio jibu lenyewe. Hiyo themomita yako ndiyo ilikuwa mkweli peke yake.

#6 Uyole Kwetu
Aisee!!! Nilikua nimempa mtoto achezee. Ngoja.

...

Imepatikana chini ya kochi. Haijavunjika.

#7 Supu Tu
Shahidi muhimu karudishwa mahakamani.

#8 fundi rilei
Niko Dar, mtaa wa Gerezani, hizi bodi nazifunga kila wiki so niseme kitu. Mkuu umeseti 37.7 sawa, P1 umeweka ngapi? Usiniambie hujui. Bonyeza seti uishikilie sekunde kadhaa inakuja P0, tembea mpaka P1.

W1209 ikitoka kiwandani P1 ni 2. Maana yake inawasha balbu mpaka 37.7 inazima, halafu inasubiri joto lishuke mpaka 35.7 ndo iwashe tena. Yani wewe unaona 37.7 ile sekunde unayochungulia, ila mayai yanaishi kati ya 35.7 na 37.7, wastani ni 36.7 hivi, na themomita ya kioo kwa vile ni nzito haikimbii na balbu inakuonyesha wastani huo huo, sasa soma tena ulichoandika juu: ya kioo inasoma chini kidogo ya 37. Kesi imeisha.

Na P0 iwe H, ikiwa C inafanya kazi ya friji.

#9 Uyole Kwetu
P1 = 2.0

😭

#10 Ngosha wa Igoma
Kwaiyo tunalia wote au tunacheka?

#11 Bwana Mifugo Mstaafu
Vijana, salaam. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi kabla ya kustaafu, niruhusuni nipunguze kasi kidogo.

Fundi ana hoja lakini kesi haijaisha. Kifaranga anayechelewa siku moja au mbili, tumbo kubwa, kitovu wazi, hiyo ni dalili ya joto pungufu, nakubali. Lakini vidole kupinda mara nyingi ni joto lililozidi, na kufia ndani akiwa amekamilika kunaweza kuwa joto, unyevu, hewa au kutokugeuza. Mashine moja haiwezi kuwa na baridi na joto kwa pamoja isipokuwa kama trei ya juu na ya chini ni nchi mbili tofauti. Kwa hiyo nakuuliza: hao watano wenye vidole vibaya walitoka trei ipi? Unageuza mara ngapi? Na mayai unayatoa wapi?

#12 Uyole Kwetu
Shikamoo mzee. Trei sikuandika, vifaranga niliwachanganya. Nageuza mara mbili, asubuhi kabla ya kwenda kazini na usiku kabla ya kulala. Mayai nanunua kwa mama mmoja hapa sokoni, anasema ya kienyeji na jogoo wapo.

#13 Bwana Mifugo Mstaafu
Marahaba. Mara mbili ni kidogo, na kibaya zaidi ni namba shufwa. Ukigeuza mara mbili, upande uliolala usiku wa leo ndio utakaolala usiku wa kesho, na usiku ni mrefu. Geuza mara tatu au tano, namba witiri. Kwenye trei chora alama X upande mmoja na O mwingine ili usidanganywe na usingizi.

Mayai ya sokoni ndio shida kubwa kuliko hizo P zenu. Hujui yana siku ngapi. Baada ya siku saba uanguaji unashuka, na kama yamekaa juani au yametikiswa kwenye bodaboda, hata mashine ya Ulaya haitakusaidia.

#14 fundi rilei
Mzee kwa heshima, mayai ya zamani hayafanyi kifaranga achelewe mpaka 23.

#15 Bwana Mifugo Mstaafu
Yanafanya. Yai lililokaa muda mrefu huchelewa kuanza. Si kwa kiwango hicho peke yake, lakini linachangia.

#16 Zuwena wa Wete
Mie napita tu lakini naona hakuna aliyesema maji. Hao waliokamilika wakafia ndani, kwetu Pemba jawabu yake ilikuwa unyevu. Hewa ya kwetu imeshiba maji yenyewe, mie nilikuwa natia beseni la maji tokea siku ya kwanza kama nilivyoambiwa na watu wa bara, vifaranga wanazama ndani ya ganda, ukilipasua wako chepechepe. Siku hizi sitii tone mpaka siku ya 18, ndipo natia maji na kitambaa mpaka unyevu ufike 65 au 70.

Napima kwa mizani ndogo ya jikoni. Yai la gramu 60 mpaka siku ya 18 lataka liwe limepoteza gramu 7 hivi. Likipoteza 3 tu basi ndani kuna maji mengi, kifaranga hana pahala pa kuvutia pumzi.

#17 Kijana wa Kitale
Zuwena huku kwetu juu ni kinyume chake. Hewa kavu na nyembamba, yai linapoteza maji haraka na oksijeni ni kidogo. Mimi nikikosa kutia maji vifaranga wananata kwenye ngozi ya ndani kama wamepakwa gundi. Uyole ni kama Kitale so asikufuate wewe.

#18 Zuwena wa Wete
Sijamwambia anifuate, nimemwambia apime. Mizani haijui bara wala visiwani.

#19 Supu Tu
Nimekipenda hicho 😂

#20 Ngosha wa Igoma
Mimi nina swali la kijinga. Kuku mwenyewe joto la mwili wake ni kama 41. Kama yeye ana 41 na anatotoa 11 kwenye 12, kwa nini sisi tunang'ang'ana na 37.7? Kwa nini tusiseti 40 tukamaliza?

#21 Bwana Mifugo Mstaafu
Si la kijinga. Kuku anagusa yai upande mmoja tu, upande wa chini uko kwenye majani. Joto linaingia kwa juu na kutokea chini, ndani ya yai linabaki karibu 38. Tena anayageuza mwenyewe kwa mdomo, na kila siku anashuka kula na kunywa robo saa mpaka nusu saa, mayai yanapoa kidogo. Wewe ukiweka 40 na feni inapuliza pande zote, yai zima linakuwa 40. Kiinitete kinavumilia baridi ya saa chache kuliko kinavyovumilia joto. Likifika 40 na nusu likakaa muda, umeua.

Na kumbuka 37.5 mpaka 37.8 ni ya mashine yenye feni. Isiyo na feni huwekwa 38.5 hivi, ikipimwa usawa wa juu wa mayai, kwa sababu hewa ya moto inapanda na ya baridi inabaki chini. Wengi wanachanganya hizi namba mbili halafu wanalaumu fundi.

#22 fundi rilei
Asante mzee kwa kututetea mafundi leo.

Kuhusu joto kuzidi nina mkasa. Kuna mteja rilei yake (ile swichi ya bodi inayowasha balbu) iliganda, ile chuma ya ndani ilijiunguza ikanata kwenye WASHA. Saa kumi usiku mashine iko 46. Mayai 264. Asubuhi ananipigia simu anasema fundi njoo na chumvi na pilipili. Tangu siku hiyo kila mashine naweka thamostati ya pili kwenye waya wa balbu, naiseti 38.8, ya kwanza ikiganda ya pili inakata. Sio gharama kubwa na unalala usingizi.

Ndo maana pia nikiambiwa weka P1 iwe 0.1 nasita. Rilei inapiga tik tik tik usiku kucha, maisha yake yanakua mafupi. Mimi naweka 0.3.

#23 Mama Kanga
Mimi ya kwangu 0.1 mwaka wa pili huu haijafa.

#24 fundi rilei
Haijafa BADO mama.

#25 Uyole Kwetu
Wakuu mrejesho. Jana usiku nimefanya hivi: nimechukua chupa ya chai, nimetia maji ya moto na ya baridi nikawa nayachanganya mpaka yakawa vuguvugu la mwili, nikazamisha ncha ya sensa ya mashine, themomita ya kioo, na themomita ya homa ya digito ya mtoto. Vyote vimefungwa pamoja kwa rababendi ili vikae mtaa mmoja (Mama Kanga umeniharibu akili). Kisaa cheusi sikukizamisha, hakiruhusu maji.

Ya homa: 37.4
Ya kioo: nywele moja juu ya 37
Mashine: 38.1

Nimerudia mara tatu, kila mara mashine inazidi ya homa kwa 0.6 au 0.7. Nimeingia P4, ile ya kusahihisha usomaji wa sensa, nimeweka -0.7. P1 nimeweka 0.3. Leo siku ya saba.

#26 Kijana wa Kitale
Sasa hiyo ni kazi safi. Umewahi pima kwa barafu pia? Ponda barafu iwe ndogondogo, maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga, ncha isiguse glasi, ngoja dakika tatu. Inafaa kusoma 0.

#27 fundi rilei
Barafu sawa ila sensa ya hizi bodi inaweza kua sawa kwenye 0 na ikakosea kwenye 37, haikosei kwa kiasi kile kile kila mahali. Alivyofanya kwenye chupa ya chai ndo sahihi, unapima pale pale unapofanyia kazi. Hata sensa za bei ya juu kidogo, DHT22 au ile ya waya ya DS18B20, makaratasi yao yenyewe yanasema inaweza kupotoka nusu digrii juu au chini. DHT11 digrii mbili. Kisaa cheusi usikiulize joto, kiulize unyevu, na huo pia kwa kubembeleza.

#28 Dogo Makete
samahani wakuu mi nimetumia ya homa ile ya zebaki ya zamani nimeiweka ndani ya mashine siku nne imekaa 39.6 haishuki wala haipandi nimepunguza mashine mpaka 35 bado iko 39.6 shida nini

#29 Bwana Mifugo Mstaafu
Mwanangu! Hiyo haishuki mpaka uikung'ute. Imetengenezwa ibaki kwenye joto la juu kabisa ililowahi kufika ili daktari aisome kwa nafasi. Ilifika 39.6 mara moja, labda ulipoigusisha na balbu, ikabaki hapo. Rudisha mashine yako upesi, mayai yako 35 kwa siku ngapi sasa? Na iondoe humo, ikivunjika zebaki ni sumu.

#30 Dogo Makete
siku mbili

#31 Supu Tu
😶

#32 Ngosha wa Igoma
Hapa hatucheki jamani. Tumuombee dogo.

#33 Mama Kanga
Dogo usikate tamaa, ni siku ya ngapi? Kama ni mwanzoni hao wamechelewa tu, wengine wataendelea. Mulika mayai kwa tochi usiku, ukiona mishipa ya damu kama mizizi basi yupo. Ukiona pete ya damu imezunguka bila mizizi huyo kaondoka.

Na ya homa ya digito nayo ina tabia hiyohiyo, ikilia pii imeshikilia namba ya juu. Ukitaka kupima tena zima uwashe upya.

#34 Uyole Kwetu
Mi pia ya digito nilikua nazima nawasha, ila sikujua sababu, nilifanya tu kwa wasiwasi.

Siku ya nane nimemulika. Meupe kabisa 9, yametoka. Yamebaki 75. Mizizi inaonekana, kuna vijicho vinacheza. Kitu kingine nimegundua, jioni saa moja mpaka saa nne balbu zinafifia, nimeazima mita ya jirani umeme unasoma volti 185. Hii si ndo ilikua tatizo lenyewe muda wote?

#35 Ngosha wa Igoma
Haaa hapo sasa. Balbu ya wati 60 kwenye 185 haitoi hata robo tatu ya joto lake. Nilijua tu ni umeme. Mimi mwenyewe mwaka juzi LUKU iliisha saa nane usiku, nimelala, asubuhi mayai ya baridi kama ya dukani. Umeme ndo mchawi wa mashine zote.

#36 fundi rilei
Ngosha, LUKU yako kuisha sio volti kushuka, hayo ni mambo ya mfuko 😂. Balbu ikififia thamostati inaiacha iwake muda mrefu zaidi, basi. Joto linafika palepale. Inakua shida pale tu ambapo balbu zinawaka bila kuzima na namba bado haipandi. Uyole, jioni saa mbili kaa chini uangalie, zinazima au hazizimi?

#37 Uyole Kwetu
Nimekaa. Mke wangu anauliza kama natazama mpira.

Zinazima, ila zinachukua dakika nyingi kupandisha. Na mashine iko stoo ya bati, usiku huu wa Julai baridi ya huku mnaijua, ukitoa pumzi inaonekana. Usiku wa manane nadhani zinawaka bila kuzima, sijaenda kuangalia.

#38 Kijana wa Kitale
Toa mashine hapo, weka ndani ya nyumba. Na weka chupa mbili tatu za maji chini kwa mashine, zile za lita moja, zimefungwa. Zikishapata joto zinalishikilia, stima ikipotea mashine haianguki haraka.

#39 Mama Kanga
Na kama unataka kujua yai linasikia nini, sio hewa inasikia nini, chukua kifuko kidogo cha nailoni, tia maji kidogo, funga ncha ya themomita ndani yake, laza katikati ya mayai. Hewa inapanda na kushuka kila balbu ikiwaka lakini yai halishtuki hivyo. Nilipoanza kupima hivyo nikaacha kukimbia mbio kila namba ikicheza.

Kitu kingine ambacho fundi hataki kusikia: kuanzia siku ya kumi na kitu mayai yenyewe yanaanza kutoa joto. Vifaranga wanakua, wanapumua. Mashine iliyojaa siku ya 17 sio mashine ya siku ya 3. Mimi kuanzia 18 nashusha mpaka 37.2. Hao wa vidole kupinda mi nawaweka hapo.

#40 fundi rilei
Sasa kwa nini fundi asitake kusikia? Nakubali ila thamostati si ipo, mayai yakitoa joto yenyewe inawasha balbu mara chache.

#41 Mama Kanga
Kama sensa iko pembeni haijui katikati ya trei kuna nini. Nimerudi palepale pa #4.

#42 Bwana Mifugo Mstaafu
Wote mnasema kweli. Nyongeza: katika vituo vikubwa siku hizi hawapimi hewa peke yake, wanapima ganda la yai lenyewe, wanataka liwe 37.8. Hewa inashushwa polepole kadiri yai linavyozalisha joto lake.

Na kabla ya yote hayo Misri walikuwa na matanuri ya matofali ya udongo, wanachoma samadi na majani makavu, wanatotolesha mayai maelfu bila themomita yoyote. Mtu wa tanuri alikuwa anachukua yai anagusisha kwenye kope la jicho. Hapo ngozi ni nyembamba, inajua.

#43 Supu Tu
Nimejaribu sasa hivi na yai la friji. Sijaelewa kitu.

#44 Zuwena wa Wete
😂😂 Ulitegemea likwambie nini

#45 Uyole Kwetu
Siku ya 16, umeme umekatika, masaa matano yamepita sasa. Mashine iko sebuleni, chupa za maji zimo, nimefunika na blanketi. Ndani 34.8. Nifungue au nisifungue?

#46 fundi rilei
Usifungue!

#47 Kijana wa Kitale
Fungua matundu ya hewa kiasi. Siku ya 16 feni imezima na wanapumua, ukifunika kila kitu na blanketi utawaua kwa kukosa hewa kabla ya baridi. Mwanzoni ndio unafunika gubigubi.

#48 Bwana Mifugo Mstaafu
Kitale yuko sahihi. Blanketi liache matundu wazi. Joto la 34 kwa saa chache katika umri huo halitawamaliza, watachelewa kidogo tu.

#49 Uyole Kwetu
Umerudi saa sita kasoro. Asanteni.

#50 Dogo Makete
mimi nimemulika nina mizizi 14 kwenye 40. zebaki nimeitoa

#51 Ngosha wa Igoma
Dogo huyo! 14 ni mwanzo wa ukoo.

#52 Uyole Kwetu
Matokeo wakuu. Siku ya 18 nilibaki na mayai 68, nikaacha kugeuza, nikaongeza maji. Wa kwanza kadonoa ganda siku ya 20 usiku, tulikua tunamsikia analia ndani ya yai, watoto walikataa kulala. Siku ya 21 jioni walikua 40. Mpaka 22 mchana wamefika 51.

Wamekauka vizuri, vitovu vimefunga isipokua wawili watatu. Wa vidole kupinda wawili, safari hii niliandika: wote trei ya juu. Yaliyobaki 17, kumi kafia ndani.

#53 fundi rilei
Hongera sana! P1 hiyo, kutoka 27 mpaka 51.

#54 Mama Kanga
Hongera mwanangu. Trei ya juu ni mtaa wake, nilisema.

#55 Bwana Mifugo Mstaafu
Hongera. Ukitoa yale meupe ni 51 kwa 75, asilimia 68. Lakini niambie, mayai haya 84 ulinunua kwa mama yule yule wa sokoni?

#56 Uyole Kwetu
Hapana mzee. Haya nilichukua kwa jirani mwenye majogoo wawili na mitetea 15, ya siku nne tu. Na nilianza kugeuza mara tatu kuanzia siku ya sita. Na nimehamisha mashine. Na P4.

#57 Bwana Mifugo Mstaafu
Basi hapo. Umebadili vitu vitano kwa wakati mmoja. Mimi nasema ni mayai.

#58 fundi rilei
Mzee mayai mapya hayawezi kubadilisha siku ya kutoka kutoka 23 mpaka 21. Joto hilo.

#59 Zuwena wa Wete
Na hao kumi waliofia ndani? Mizani ulitumia?

#60 Uyole Kwetu
Mizani sina da Zuwena. Nitanunua.

#61 Zuwena wa Wete
Haya. Nangoja.

#62 Ngosha wa Igoma
Mi nasimama na umeme. Aliihamisha mashine sebuleni, sebuleni kuna soketi nzuri.

#63 fundi rilei
Ngosha soketi zote za nyumba moja zinakula umeme mmoja kaka 😂😂

#64 Supu Tu
Tuwe wakweli, hivyo vifaranga 51 unauza shingapi?

#65 Uyole Kwetu
Siuzi, nakuza. Sasa awamu ya nne nimeweka leo mayai 90, nusu ya jirani nusu ya mama wa sokoni, nimeyachora J na S. Tutajua.

Ila kuna jambo moja. Kile kisaa cheusi nimekitoa trei ya juu nikakiweka trei ya chini kwa kujaribu. Juu kilikua kinasoma 38.4. Chini kinasoma 36.9. Mashine inasema 37.7.

#66 Mama Kanga
Andika hiyo kwa herufi kubwa ukutani. Na zungusha trei, ya juu chini, ya chini juu, kila siku.

#67 fundi rilei
Ongeza feni. Hako ka kompyuta kamoja hakatoshi boksi la mayai 96.

#68 Kijana wa Kitale
Au kageuze kapulize chini, si juu.

#69 Mzee wa Kware
Habari wakuu, nimesoma uzi wote mpaka mwisho asanteni sana. Mimi nina kware, siku zao 17 au 18, je niseti hiyohiyo 37.7 au

#70 Supu Tu
Unazo themomita ngapi?

#71 Mzee wa Kware
Mbili

#72 Supu Tu
Ongeza moja urudi.